Mwanga wa kemikali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi maabara hapa Kigoma, na kila nikisema kwamba kuna mashine zinapima damu kwa kuhesabu mwanga unaotoka kwenye kemikali, watu wananitolea macho alafu maswali yanaanza kumiminika, mara vimulimuli, mara vile vijiti vya kwenye harusi, mara wale wapelelezi wa kwenye muvi wanaopuliza dawa ukutani damu inawaka bluu. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa urefu maana yanastahili, mengine maneno machache yanatosha. Kitu kimoja mkishike mapema, huu mwanga ni dhaifu kwa kumulika ila kwa kugundua kitu kidogo sana kilichojificha una nguvu za ajabu, na majibu mengi hapa chini yanaangukia hapohapo.

Mwanga wa kemikali ni nini hasa?

Ni mwanga unaotoka pale kemikali zinapokutana na kugeuka kuwa kitu kingine, bila moto, bila umeme, na bila kuvianika vitu juani kwanza. Kwa kawaida kemikali zikikutana zikatoa nishati, nishati hiyo inaondoka kama joto. Akina mama wanaotengeneza sabuni ya mawese wanalijua hili vizuri, ukimimina kostiki kwenye maji ndoo inapata moto mpaka huwezi kuishika. Sasa kuna kemikali chache ambazo zikishagusana, molekuli mpya inazaliwa ikiwa na elektroni iliyopandishwa juu kuliko mahali pake pa kawaida, na ile elektroni haiwezi kukaa juu muda mrefu, inashuka, na inaposhuka inaachia chembe moja ya mwanga, wataalamu wanaiita fotoni. Ikishuka umbali mkubwa mwanga unakuwa wa bluu, umbali mdogo unaelekea kwenye nyekundu. Jina lake la kitaalamu ni kemiluminesensi.

Na ni mwanga baridi kweli. Kijiti kinachowaka ukikishika mkononi hakikuunguzi, kimulimuli kikitua kwenye shati hakitoboi.

Kwahiyo hata zile stika za nyota za chumba cha watoto na mishale ya saa inayong'aa ni haohao?

Hapana, na hapa wengi wanachanganya. Zile stika zinakula mwanga kwanza, wa taa au wa jua, alafu zinautoa kidogokidogo ukizima taa, ndo maana ukiziacha kabatini kwa muda zinatoka zimefifia kabisa. Siku hizi nyingi zinatumia strontiamu aluminati. Noti ukiiweka chini ya ile taa ya zambarau ya benki, alama zinawaka papohapo na zinazima papohapo taa ikitolewa, hiyo nayo ni kitu kingine. Balbu za LED ni umeme. Mwanga wa kemikali hauhitaji chochote kutoka nje, nishati yote imo ndani ya kemikali zenyewe, na zikiisha ndo basi, haurudishi.

Vile vijiti vya kuvunja vinafanyaje kazi?

Ukikishika kijiti kipya ukakiangalia kwa makini dhidi ya dirisha utaona ndani ya plastiki kuna kichupa kingine chembamba cha kioo kinaelea kwenye kimiminika. Kwenye kichupa kuna haidrojeni peroksaidi, ni jamii ya ileile ya kusafishia vidonda inayotoa povu, na nje ya kichupa kuna kemikali ya jamii ya oksaleti pamoja na rangi. Ukikunja kijiti unasikia "tak", kioo kimevunjika, unatikisa, na zile mbili zinakutana. Zinatengeneza kitu cha katikati ambacho hakitulii hata kidogo, kinavunjika kuwa kaboni dioksaidi na ile nishati yake inarukia kwenye rangi, na rangi ndo inayowaka. Kwahiyo kemikali za msingi ni zilezile kwenye vijiti vyote, kinachobadilika ni rangi iliyowekwa, wakiweka difenilanthrasini inatoka bluu, wakiweka rodamini inatoka nyekundu.

Kazi hii ilianza miaka ya 1960 mwanzoni kwa Edwin Chandross wa Bell Labs huko Marekani, aliona oksalili kloraidi ikikutana na peroksaidi pamoja na rangi inatoa mwanga, ila ulikuwa hafifu. Baadae Michael Rauhut na wenzake wa kampuni ya American Cyanamid wakatafuta oksaleti bora mpaka mwanga ukawa wa kutumika, na jina la Cyalume, la kuuzia vijiti hivi, likatokea hapo.

Kinawaka muda gani, na nikikiweka friza kitazima nikitumie kesho?

Vya kawaida vya urefu wa kiganja vinaenda kama saa 8 mpaka 12, lakini si kwa nguvu ileile, mwanzoni kinawaka sana alafu kinapungua taratibu. Vipo vya dakika chache tu vinavyowaka kwa ukali mkubwa, vya kazi maalumu.

Friza haizimi, inapunguza mwendo. Kemikali zikiwa baridi zinakutana polepole, mwanga unafifia lakini zinadumu, ukikitoa kikapata joto la chumba kinaanza tena kuwaka vizuri. Kwahiyo ndiyo, kesho utakuta kimebaki kidogo. Ukikitia kwenye maji ya moto kinawaka sana kuliko kawaida alafu kinakwisha haraka. Ila usije ukakiweka kwenye maikrowevu, kinaweza kupasuka na vipande vya kioo na kemikali vikakurukia usoni.

Mwanangu kang'ata kijiti, kile kimiminika kimeingia mdomoni. Nifanye nini?

Kwanza usipanik. Kiasi kilichomo kwenye kijiti kimoja kwa kawaida hakimpi mtoto sumu kubwa, kinamuwasha mdomo, ladha ni mbaya sana na anaweza kutema mate mengi au kutapika. Msuuze mdomo, mpe maji kidogo anywe, angalia kama kuna kipande cha kioo mdomoni maana hicho ndo hatari zaidi. Kikiingia jichoni ni habari nyingine, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hivi alafu mpeleke kituo cha afya. Ngozi ni sabuni na maji. Kama anakohoa sana, anapumua kwa shida au jicho linabaki jekundu, usikae nyumbani. Na nguo au meza iliyopakwa rangi au vanishi kikimwagikia kinaweza kuacha doa baya.

Umeme ukikatika naweza kukitumia badala ya taa? Na je, wavuvi wa dagaa wanaweza kutumia hivi badala ya karabai?

Kwa nyumbani, kitakusaidia kuona mlango uko wapi, basi. Taa ya sola ni bora mara nyingi zaidi na unaitumia kila siku, kijiti unakitupa.

Kwa dagaa jibu ni hapana. Anayeishi Kibirizi au Katonga anajua jinsi kazi inavyokwenda, usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa zinawashwa kwa nguvu, zamani karabai na saivi wengi wamehamia LED za betri na sola, vijidudu vidogo vya majini vinakuja kwenye mwanga, dagaa wanafuata, na migebuka nao wanafuata dagaa. Mwanga lazima upenye maji mpaka chini na ushindane na giza la eneo kubwa, ndo maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika kwa sababu taa yao inamezwa na mbalamwezi. Kama mbalamwezi tu inaishinda taa ya nguvu, kijiti kitafanya nini pale? Huko baharini wanavitumia kweli, ila kwa namna tofauti, wavuvi wa samaki wakubwa kama nduaro wanafunga kijiti karibu na kila ndoana kwenye kamba ndefu, samaki anakuja kwenye kijimwanga kimoja pale chini gizani. Na vinaacha takataka nyingi za plastiki majini, jambo ambalo nisingependa kuliona ziwani kwetu.

Mahali ambapo ningependa kuona kila mtumbwi una kijiti kimoja au viwili ni kwenye jaketi la kuokolea. Hakihitaji betri, maji hayakizimi, hakina cheche, na mtu aliyeanguka majini usiku akikivunja anaonekana kutoka mbali kuliko sauti yake inavyoweza kufika. Wazamiaji wanavitumia, wanajeshi pia, tena wao wana aina inayotoa mwanga wa infraredi usioonekana mpaka uvae miwani maalumu. Na kwenye sehemu zenye gesi ya kulipuka, ambako taa mbovu moja inaweza kuleta maafa, kijiti ni salama kwa kuwa hakina cheche wala joto. Angalia tu tarehe kwenye pakiti, na usiifungue ile foili kabla ya kukihitaji.

Nimeona kwenye TV samaki wa kina kirefu wanaowaka. Ziwa Tanganyika lina kina kirefu hivyo, mbona sisi hatuna?

Swali zuri sana hili na jibu lake nalipenda. Ziwa letu linafika mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Ukisikia hivyo unategemea huko chini kuna madude yanayowaka kama baharini. Lakini baharini maji baridi yenye oksijeni yanazama na kuifikisha oksijeni mpaka chini kabisa, na hapa kwetu maji ya juu na ya chini hayachanganyiki sawasawa, kwahiyo oksijeni inaishia kama mita 100 upande wa kaskazini na inazidi kidogo 200 upande wa kusini. Chini ya hapo hamna oksijeni, kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza, na samaki hawezi kuishi. Sehemu kubwa ya ziwa kwa kina chake haina samaki hata mmoja. Alafu karibu viumbe wote wanaotoa mwanga wanahitaji oksijeni kuutengeneza, hivyo hata hilo lingewakwamisha.

Na kwa ujumla viumbe wa maji yasiyo na chumvi wanaowaka ni adimu sana duniani. Anayejulikana zaidi ni konokono mmoja mdogo wa New Zealand anaitwa Latia, ukimgusa anatoa ute unaong'aa kijani. Baharini ndo wamejaa, hata juu ya maji, kuna vijidudu ukipiga kasia usiku maji yanawaka bluu.

Kimulimuli je? Kinaunguzwa na ule mwanga?

Hakiungui kwa sababu joto linalotoka ni dogo sana. Kwenye tumbo lake kwa nyuma ana kemikali ya kuwaka inaitwa lusiferini, kuna kimeng'enya cha kuichochea kinaitwa lusiferesi, anaongeza oksijeni na ATP, hiyo ATP ni ileile nishati ambayo kila seli ya mwili wako inaitumia sasa hivi unaposoma. Vikikutana vyote mwanga wa njano-kijani unatoka, na mdudu anauwasha na kuuzima apendavyo, kwa mpangilio wa jamii yake, dume anaita na jike anajibu. Huku kwetu na kule Tabora wanaonekana zaidi mvua zikishaanza, maana wanapenda unyevunyevu na watoto wao wanakula konokono na wadudu wadogo.

Mfaransa Raphaël Dubois ndo aliyeonyesha kwenye miaka ya 1880 kwamba unaweza kuvitenganisha vitu hivyo, unatoa juisi moja ya mdudu anayewaka kwa maji baridi na nyingine kwa maji moto, kila moja peke yake giza, ukizichanganya mwanga unarudi. Alafu mwaka 1947 William McElroy wa Marekani, ambaye alikuwa anawalipa watoto wa Baltimore wamkamatie vimulimuli, akagundua kuwa ATP ndo inayohitajika. Ugunduzi huo ukazaa kipimo, tutakifikia.

Kuhusu ubora wa mwanga wake, kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba katika kila molekuli 100 za lusiferini zinazotumika, 88 zinatoa mwanga. Mwaka 2008 Wajapani wakapima upya kwa vifaa bora wakapata kama 41. Imeshuka, lakini bado ni kubwa sana, luminoli ya maabara inatoa kama 1 tu kwa 100.

Na jamani tuache kuwajaza kwenye chupa. Taa kali za nje usiku zinawavuruga maana dume haonekani tena, ukizima taa ya uani mapema wanarudi kucheza bustanini.

Kuna mwanga wa kemikali nyumbani kwangu ambao siujui?

Upo, jikoni. Zima taa usiku uwashe jiko la gesi, uangalie ule moto wa bluu kwa karibu (usikaribie sana). Ile bluu haitokani na kitu kuwa cha moto mpaka kikang'aa, inatokana na vipande vidogo vya molekuli vinavyozaliwa gesi inapoungua na kutoa mwanga wao palepale, yaani ni kemiluminesensi ndani ya moto. Moto wa njano wa kibatari ni tofauti, pale masizi madogomadogo yamepata joto kali ndo yanang'aa. Kwahiyo jiko lako likianza kutoa njano ujue hewa haitoshi au matundu yameziba, na sufuria zitakwambia, zitapata masizi.

Ile dawa ya polisi kwenye muvi ni ya kweli?

Ni ya kweli, inaitwa luminoli. Mjerumani H. O. Albrecht alieleza mwanga wake mwaka 1928, na mwaka 1937 mwenzake Walter Specht akapendekeza itumike kutafuta damu. Wanaichanganya na peroksaidi wanapuliza kwenye sakafu au ukuta uliooshwa, chuma kilichomo kwenye damu kinachochea mmenyuko na unaona bluu hafifu kwa sekunde kama 30 hivi, chumba lazima kiwe giza na kamera iwe tayari. Inagundua hata damu iliyochujuka sana, sehemu moja kwenye maji sehemu 100,000 na zaidi.

Lakini muvi zinadanganya sehemu moja, luminoli haisemi "hii ni damu". Jiki nayo inaiwasha, shaba inaiwasha, na baadhi ya mimea pia. Wala haisemi ni damu ya mtu au ya mbuzi. Inaonyesha pa kutazama tu, baada ya hapo sampuli inachukuliwa kwa vipimo vingine, DNA ikiwemo.

Hospitalini inatumikaje? Mi nimepimwa tezi sijaona mwanga wowote.

Hapa ndo roho yangu ilipo, naombeni mnivumilie.

Hukuona kwa sababu yote yametokea ndani ya mashine. Tuseme umekuja kupima TSH, homoni ya kuangalia kama tezi ya shingoni inafanya kazi. Damu yako inakaa kwenye tyubu, inazungushwa, chembe zinashuka chini na seramu ya njano inabaki juu. Mashine inanyonya kiasi kidogo sana cha seramu na kukichanganya na vipunje vya sumaku visivyoonekana kwa macho, vimepakwa antibodi zinazokamata TSH na si kingine. Inaongezwa antibodi ya pili ambayo imebebeshwa kemikali ya kuwaka, mashine nyingi zinatumia akridiniamu. TSH inabanwa katikati ya hizo mbili. Kisha sumaku inavivuta vipunje kwenye ukuta wa kikombe, maji yanaingia na kutoka, yanaingia na kutoka, kila kisichokamatwa kinaondoka. Kilichobaki ni TSH yako tu ikiwa na alama yake mgongoni. Hapo mashine inadunga peroksaidi na alkali, na kwenye kile chumba cheusi ti kinatokea kimwanga cha sekunde chache ambacho jicho lako lisingekiona. Kifaa kinaitwa fotomaltiplaya kinahesabu fotoni, namba inalinganishwa na kalibresheni (yaani namba za sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana), na jibu linatoka kwenye karatasi.

Kwanini tusimulike sampuli kwa taa tukapima rangi? Hiyo ipo, inafanya kazi, ila ukimulika taa mwanga wa taa yenyewe unatapakaa na kuficha kitu kidogo. Fikiria karabai moja iliyo mbali ziwani, saa sita mchana huioni kabisa, usiku wa giza unaiona kutoka Ujiji. Kemikali ikiwaka yenyewe hamna taa nyingine yoyote mle ndani, kwahiyo hata fotoni chache zinahesabika. Ndo maana homoni iliyopo kwa kiasi kidogo mno kwenye damu inapimika, na mashine hiyohiyo inaweza kupima kiasi kidogo na kikubwa sana bila kuhangaika.

Vinavyopimwa hivi ni vingi, TSH, PSA ya tezi dume, homoni ya ujauzito, feritini ya akiba ya madini chuma, troponini ya moyo, hepatitisi B, hata VVU. Damu inayochangiwa lazima ipimwe VVU, hepatitisi B na C na kaswende kabla ya kuwekewa mgonjwa, na mashine za aina hii zinatumika sana duniani kwenye benki za damu, kwahiyo ukienda kuchangia kituo cha kanda kule Tabora au hapa Kigoma, hiyo ndo safari ambayo chupa yako inakwenda kuianza. Kuna mashine nyingine zinatumia kemikali yenye ruthenamu inayowashwa kwa umeme kidogo kwenye elektrodi, kanuni inafanana.

Ambavyo si vya mwanga huu: kile kipimo cha haraka cha malaria cha mistari (pale ni chembe za dhahabu zinazoonekana nyekundu), sukari ya kidole, na wingi wa virusi vya VVU, ambao unapimwa kwa PCR, njia ya kunakili vinasaba mara nyingi mpaka vipimike.

Natumia vidonge vya nywele na kucha. Vinahusiana nini na vipimo vyangu?

Vinahusiana sana, na wateja wengi hawaambiwi. Vidonge hivyo mara nyingi vina bayotini, mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku lakini kidonge kimoja kinaweza kuwa na 5,000 au 10,000. Baadhi ya mashine zinatumia bayotini hiyohiyo kama gundi ya kuunganishia antibodi na vipunje, sasa damu yako ikijaa bayotini inachukua nafasi ya ile ya kipimo, na jibu linakuwa si sahihi. TSH inaweza kusoma chini kuliko ukweli huku T4, homoni inayotolewa na tezi yenyewe, inasoma juu, ukaonekana una tezi inayofanya kazi kupita kiasi wakati uko salama. Troponini nayo inaweza kusoma chini kwa mtu ambaye moyo wake una shida kweli, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari iliyotaja kifo cha mgonjwa mmoja kwa sababu hiyo.

Si mashine zote zina shida hii. Ila mwambie daktari na mtu wa maabara unachomeza kabla hujatolewa damu, na kama ni vidonge ulivyojinunulia mwenyewe, viache siku 2 au 3 kabla. Kama umeandikiwa na daktari usiache bila kumuuliza.

Matumizi mengine?

Kile kipimo cha ATP nilichosema, unafuta meza ya hospitali au kifaa cha kiwanda cha maziwa kwa pamba maalumu, unaichanganya na lusiferesi, kifaa kidogo kinasoma mwanga kwa sekunde chache kinakwambia usafi ukoje. Hakisemi ni bakteria gani, hata mabaki ya chakula yana ATP. Watafiti pia wameingiza jeni (kinasaba) la lusiferesi kwenye vimelea vya malaria, wanaweka dawa mpya, mwanga ukishuka wanajua vimelea vinakufa. Kwa TB walifanya kitu kama hicho mwaka 1993. Na vituo vya kupima hewa chafu ya mijini vinachanganya hewa na ozoni, oksaidi ya naitrojeni ya moshi wa magari ikiwepo inatoa mwanga unaopimika.

Nimeona video, soda ya Mountain Dew ukiweka magadi ya keki na peroksaidi inawaka. Nimejaribu imegoma.

Itagoma siku zote. Wanaweka ndani kimiminika cha kijiti. Usije ukainywa.

Kuna mtu ananiuzia poda inayong'aa gizani, anasema ni madini ya bei mbaya.

Usinunue. Poda zinazong'aa baada ya kumulikwa zinauzwa kwa kilo viwandani kwa ajili ya rangi na stika. Kifunge gizani siku kadhaa, kikizima kikaamka tena baada ya kumulikwa na tochi, ni poda hiyo. Na kama kitu kinang'aa chenyewe, kinatoa moshi mweupe na kinanuka kama vitunguu saumu, kimbia, hiyo yaweza kuwa fosforasi nyeupe. Hennig Brand wa Hamburg aliipata mwaka 1669 kwa kuchemsha mikojo mingi akitafuta dhahabu, inawaka ikigusana na hewa, inaunguza vibaya na ni sumu. Zamani ilitumika kwenye viberiti mpaka wafanyakazi wakaoza mataya, na mkataba wa Berne wa mwaka 1906 ukaanza kuipiga marufuku.

Mi mwalimu wa kemia, naweza kuwaonyesha wanafunzi bila maabara kubwa?

Unaweza, na rahisi kuliko zote ni vijiti vitatu vya rangi moja. Kimoja kwenye maji ya barafu, kimoja maji ya kawaida, kimoja maji ya moto ya kuvumilika kwa mkono, funga madirisha kwa mashuka, wavunje kwa pamoja. Somo lote la joto na kasi ya mmenyuko wataliona kwa macho, na wakirudi jioni watakuta cha maji ya moto ndo kimekuwa hafifu kuliko vyote.

Ukiweza kuagiza luminoli, hata gramu chache zinatosha darasa kwa muda mrefu. Iyeyushe kwenye maji yenye kostiki kidogo sana, kwenye chombo cha pili weka peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa pamoja na chembe ya mrututu (kopa salfeti, yaani chumvi ya shaba), zima taa alafu mimina kwa pamoja taratibu kwenye faneli, bluu inashuka mpaka chini. Miwani na glavu ni lazima kwa sababu ya kostiki. Ukimaliza, yale maji yenye mrututu usiyamwage kwenye mfereji unaoelekea ziwani, shaba inaua samaki hata ikiwa kidogo, yaweke kwenye dumu la taka za maabara.